Samaki wa Njiru na Maji ya Sabaki



Wiki hii hatuwaandikii kutoka barazani petu pa kawaida. Tumerudi juzi kutoka Nairobi, katika mitaa ya upande wa mashariki ambayo wenyewe huiita Eastlands, tulikokwenda kumtazama shangazi yetu aliyekuwa akiugua miguu. Tulidhani tungerudi na habari za mgonjwa na salamu za jamaa. Kumbe tumerudi na habari za samaki, tena samaki wa maji baridi, sisi tuliozaliwa na kulelewa kwa samaki wa maji ya chumvi.

Tulipanda treni Miritini asubuhi. Njiani treni huvuka mto Tsavo, na abiria wengi huinua simu zao kupiga picha za ndovu. Sisi tuliuangalia mto. Mto huo hukutana na mto Athi utokao bara, na yakishachanganyika maji ya mito miwili hiyo huitwa Galana. Ukikaribia pwani tunauita Sabaki, nao humwagika baharini kaskazini ya Malindi. Hayo tuliyajua kwa maneno tangu utotoni, wala hatukuwa na haja nayo. Safari hii ndiyo iliyotufundisha kwa nini tuyakumbuke.

Shangazi yetu anakaa Majengo, Pumwani, mtaa ulioanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Nyumba zake za kale zilijengwa kwa mtindo tuujuao: ukumbi katikati, vyumba kulia na kushoto, uani nyuma. Mtu wa pwani akiingia huko haoni ugeni. Adhana husikika, mabuibui huanikwa kambani, na asubuhi harufu ya mahamri hupita dirishani. Tofauti ni baridi. Tulifika mwezi wa Agosti, na usiku ule tulilala na soksi miguuni.

Jioni ya kwanza tuliandaliwa ugali, sukuma wiki na samaki wa mchuzi mzito wa nyanya uliotiwa ukwaju. Tulipomwonja tulijua ni kambare. Tulikula kwa raha, tukamsifu mpishi, tukasema, "Shangazi, kumbe na bara nako kuna kitoweo!"

Shangazi akacheka. "Kula, mwanangu. Hiyo ni kazi ya mpwa wako. Samaki wa sokoni siku hizi bei yake haishikiki. Huyu hutuletea Jumamosi hata Jumamosi. Mwenyezi Mungu amzidishie."

Mpwa wetu, kijana wa miaka 14 ambaye mama yake ni binti wa shangazi, aliinamisha macho. Kisha akasema kwa adabu, "Mjomba, kesho ukitaka nitakupeleka uone ninapovua." Tukakubali mara moja. Babu yetu alikuwa mtu wa madema na mishipi. Tulijiona tuna la kumfundisha.

Asubuhi tulipanda matatu ya Jogoo Road. Kijana alitutajia mitaa tulipokuwa tukipita: Kaloleni, Makongeni, Jericho, Buruburu. Msomaji wa Kilifi atashangaa kusikia kwamba Nairobi nayo ina Kaloleni yake, na huko Buruburu kuna barabara iitwayo Rabai. Tukashika barabara ya Kangundo, tukaiacha Umoja, tukaiacha Komarock na Kayole, na njia nzima tulikuwa tukimsimulia kijana habari za kusi na kaskazi, za bamvua na maji mafu, na namna ya kuchagua chambo. Alisikiliza bila kutukatiza. Tulishuka Njiru.

Nyumba nyingi za Nairobi zimejengwa kwa mawe ya kuchonga, na mawe hayo yametoka machimboni. Njiru ni mojawapo ya sehemu zilizochimbwa. Mchongaji hukata jiwe wima, ngazi baada ya ngazi, mpaka shimo liwe na kuta kama za kisima kikubwa. Jiwe likiisha, mchimbaji huenda kwingine na shimo hubaki. Mvua hulijaza. Baada ya miaka michache mgeni akiliona atadhani ni ziwa dogo tangu kuumbwa kwa dunia, lenye matete ukingoni na ndege wa majini wakitembea juu ya utando wa kijani. Hapakuwa na ua wala kibao cha onyo.

Tulikuta wavulana saba wamekwisha kufika. Watano walikuwa na mianzi, mishipi na ndoana. Wawili waliburura chandarua cha mbu kilichoshonewa vijiwe pembeni, na kila walipokitoa majini kilikuwa na vidagaa visivyozidi kidole cha mtoto. Mmoja wao alikuwa amefunga kitambaa mguuni. Alikanyaga chupa wiki iliyopita, na jeraha lilikuwa limevimba.

Hapo ndipo lilipotupata la kutupata, nasi tunalisimulia ingawa halitupi sifa. Ndoana ya mpwa wetu ilinasa kitu chini. Sisi, kwa ujuzi wetu wa pwani, tukavua viatu, tukapandisha kanzu, tukataka kuingia hatua mbili tatu tuikomboe, kama tufanyavyo ufukweni maji yakipwa. Kijana akapiga ukelele: "Mjomba, usikanyage! Hapo hakuna chini!"

Lakini mguu ulikuwa umekwisha kukanyaga. Jiwe lilikuwa na ute, tukateleza kama mtu aliyesukumwa, na maji yakatufika kidevuni huku miguu ikitafuta ardhi na isiipate. Baridi ya maji yale ilitukata pumzi. Kanzu ilijaa maji ikawa nzito kama mzigo. Tunajua kuogelea tangu tukiwa wadogo, na katika dakika ile kujua kwetu hakukutufaa kitu, kwa sababu ukuta wa jiwe ulikuwa laini na hapakuwa na pa kushika.

Kijana hakuturukia. Alilala kifudifudi ukingoni, wenzake wawili wakamshika miguu, akatunyoshea mwanzi wake. Tukaushika. Walituvuta polepole mpaka tukapata kishiko cha jiwe, tukatoka tukitetemeka, bila kofia na bila kiburi.

Tulipopata sauti tulimwuliza amejifunza wapi kufanya vile. Alikaa kimya kidogo, kisha akatwambia kwamba mwaka juzi mvulana mmoja wa mtaa wa jirani aliteleza penye shimo jingine kama hili. Rafiki yake akaruka kumtoa. Walizikwa siku moja. Tangu hapo wenyewe kwa wenyewe waliwekeana sharti: hakuna kumfuata mtu majini, mnyoshee mti.

Ndugu msomaji, tulikuwa tumemsomesha kijana huyu njia nzima, naye ndiye aliyekuwa mwalimu. Mtu wa pwani hudhani maji ni mamoja. Ufuo wetu hushuka taratibu, nao hukupa nafasi ya kubadili nia; shimo la machimbo hushuka kama dari liliyobomoka. Maji ya chumvi humwinua mtu kidogo. Maji baridi humwinua pungufu. Bahari ina kupwa na kujaa kunakojulikana kwa hesabu ya mwezi. Shimo halina dalili yoyote juu ya uso wake. Kila maji yana wenyeji wake, na ujuzi wa bahari hauwi ujuzi wa kisima.

Tulipokuwa tukikausha kanzu juani tulimwuliza kijana jambo la pili, ambalo lilikuwa limeanza kutusumbua. Shimo hili halina mto uingiao wala utokao. Kambare wametoka wapi?

"Walikuja na mafuriko, Mjomba. Yale ya 2024. Mto ulipanda ukamwagika mpaka huku." Akatuonyesha kwa kidole upande wa pili wa uwanda. "Mto uko pale."

Tulitembea tukauone. Mto Nairobi huanzia kwenye kinamasi cha Ondiri, huko Kikuyu, na jina la mji limetokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi. Tuliposimama ukingoni hatukuona kitu cha kukumbusha jina hilo. Maji yalikuwa meusi, yenye povu jeupe penye mawe, na mifuko ya plastiki ilikuwa imetundikwa kwenye vichaka kwa kimo kilichozidi cha mtu, alama ya mahali mafuriko yalipofika. Kabla ya kufika hapo mto umepita katikati ya mji, umepita kando ya soko la Gikomba, umepita Korogocho na Dandora, nao umepokea mto wa Mathare na kila kilichotiwa ndani yake.

Kuhusu Dandora tuna jambo la yakini. Jaa kuu la taka la Nairobi liko hapo, kando ya mto, tangu katikati ya miaka ya 1970. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake yako mjini humo humo, lilitoa matokeo ya uchunguzi uliowapima watoto 328 wanaoishi na kusoma karibu na jaa. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kwa kiwango kilichofikia au kupita mpaka uliokuwa ukikubaliwa wakati huo. Risasi haionekani, hainuki, wala haiondoki kwa moto. Mama anaweza kumchemsha samaki kutwa nzima: vijidudu vitakufa, risasi itabaki mchuzini. Na anayedhurika zaidi ni mtoto mdogo, kwa sababu madini hayo hukaa mwilini na kudumaza akili inayokua.

Kijana akasema neno ambalo wengi wangelisema: "Lakini Mjomba, mbona samaki wako hai?" Ni swali zuri, na jibu lake limo katika umbile la kambare mwenyewe. Samaki wengi hutegemea hewa iliyomo majini. Maji yakiharibika hufa wa kwanza. Kambare amepewa kiungo cha ziada kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu. Huinua kichwa, akavuta, akarudi topeni. Kwa hiyo huweza kuishi mahali ambapo ngege hawezi. Uhai wake hautoi ushahidi juu ya usafi wa maji. Tena hula vilivyomo chini, na chini ndiko uchafu utuamako.

Hatukupima maji ya shimo lile, wala hatusemi kila samaki wa Njiru ana sumu. Tunasema kwamba maji yale yaliwahi kuchanganyika na mto ule, na hakuna aliyeyapima. Na mtu hamlishi mwanawe kwa kubahatisha.

Tulirudi Majengo jioni. Shangazi aliiona kanzu yetu na matope yake, akataka habari, nasi tukamweleza yote, la kuzama na la mto. Alinyamaza kwa muda. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Basi, mwanangu, mimi nimekuwa nikiwalisha wajukuu haramu?"

Tumeulizwa maswali mengi katika umri wetu, na machache yametuuma kama hilo. Tulimjibu kwa ulivyo ukweli. Samaki asili yake ni halali, na mtoto aliyekwenda kumtafutia bibi yake kitoweo ana ujira wake. Lakini Kitabu kimetutaka tule kilicho halali na kilicho chema kwa pamoja, na wengi wetu huuliza la kwanza tukasahau la pili. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wameweka mlango wa mnyama alaye najisi, aitwaye jallala: wamekirihisha nyama yake ikiwa imebadilika, mpaka afungiwe na kulishwa chakula safi hata itengenee. Walifahamu kwamba kinacholiwa na mnyama huishia kwetu. Juu ya hayo ipo kanuni kuu ya kutojidhuru wala kudhuru. Aliyekula bila kujua hana lawama. Aliyekwisha kujua ana wajibu.

Shangazi akaitikia kwa kichwa. "Nimejua," akasema. Kijana ndiye aliyeuliza lililobaki: "Na Jumamosi ambayo pesa hazipo, Mjomba?"

Kabla hatujafika kwenye jibu lake, tuwaachie wazazi mambo machache kuhusu uvuvi wa maji baridi katika maji ya umma, kwani wengi wenu mna watoto Nairobi, Thika na Kisumu, na wengine huwapeleka likizoni kwenye mito na mabwawa.

La kwanza ni kujua maji ni ya nani. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 62, imeitaja mito, maziwa na maji mengine kuwa ardhi ya umma, na kifungu cha 69 kimempa kila mtu wajibu wa kushiriki katika kuhifadhi mazingira. Cha wote hakina maana kwamba hakina sharti. Mengi ya mashimo ya machimbo yana wenyewe, kwa hiyo ruhusa huombwa. Na mwenye kuvua ili auze hutakiwa kuwa na leseni.

La pili ni chombo. Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya mwaka 2016 imekataza kuvua kwa sumu, kwa baruti na kwa umeme. Chandarua cha mbu nacho ni hasara hata pasipo askari wa kukamata. Vidagaa tulivyoviona Njiru vingekuwa samaki kamili msimu ujao. Wavulana wale walikuwa wakila mbegu. Na chandarua kilichotolewa kumkinga mtoto na malaria, kikienda majini, kitanda hubaki wazi.

La tatu ni mwili wa mvuvi. Asiende peke yake, wala asiende usiku. Avae viatu, kwani vigae havionekani topeni. Asiingie maji yaliyotuama yenye konokono, ambayo huweza kuwa na kichocho. Wawe na kamba ndefu iliyofungwa dumu tupu la lita tano lililozibwa vizuri: mtu akianguka hurushiwa dumu, akaelea nalo, akavutwa. Sharti la wale wavulana lifundishwe katika kila nyumba: nyosha mti, rusha kamba, ita watu, usimfuate.

La nne ni maji yenyewe. Mahali penye jaa juu yake, kiwanda au bomba la majitaka, ndoana isitiwe kwa ajili ya chungu. Samaki mwenye harufu ya mafuta au dawa, mwenye vidonda au mgongo uliopinda, asiingie jikoni. Na asiyeijua asili ya samaki wake asimwuzie jirani kwa kunyamaza, kwani kunyamaza katika biashara kunaweza kuwa uwongo.

Sasa turudi kwenye swali la kijana. Usiku ule hatukulala upesi. Tulihesabu jamaa wa shangazi walioko pwani, wake kwa waume, wenye maduka, wenye mishahara, na sisi wenye kalamu na mimbari. Sote humtumia salamu kila Idi. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwuliza anakula nini Jumamosi. Mtoto wa miaka 14 alikuwa akikaa juu ya shimo lisilo na chini ili nyumba ipate kitoweo, na mgeni wake akaja akala akasifu mchuzi. Aibu hiyo tuliiona kubwa kuliko ya kuzama.

Kabla ya kuondoka tulipiga simu tano. Watu watano wamekubali kutuma kidogo kila wiki kwa M-Pesa, kwa zamu, na jina la kila mmoja limeandikwa na siku yake. Asubuhi ya mwisho tulitoka alfajiri na kijana kwenda Gikomba, ambako samaki wa ziwa Victoria hushushwa gizani. Tulimfundisha alilotufundisha babu yetu, na safari hii lilifaa: jicho liwe limetuna na kung'aa, shavu liwe jekundu ndani, nyama ikibonyezwa irudi. Alichagua ngege watatu, akapunguziwa bei kuliko ambavyo tungeweza sisi. Kamba na dumu tulimwachia awapelekee wenzake Njiru, kwa sababu tunajua wengine wataendelea kwenda, na nyumba zao hatukuzipigia simu.

Treni iliturudisha. Tulipovuka Tsavo tuliutazama tena mto ukienda kukutana na Athi. Maji tuliyoyaona meusi Njiru huingia Athi, yakapita mbugani wanyama wakayanywa, yakapita katika mashamba ya Galana, yakatokea Sabaki. Mvua za bara zikinyesha, watu wa Malindi na Mambrui huiona bahari ikigeuka rangi ya udongo maili kadhaa, nasi husema ni Sabaki umeshuka, tukangoja isafike. Machi 2025 serikali ilizindua mradi wa kuufufua mto Nairobi, na mitaa yote ya Eastlands unausubiri ukamilike. Sisi wa pwani hatuna budi kuusubiri pamoja nao, na kuuulizia, kwa kuwa mwisho wa mto ule ni mlangoni petu.

Juzi Jumamosi simu ililia. Alikuwa shangazi. Miguu, alisema, inaendelea vyema, na mchuzi wa siku hiyo ulikuwa wa ngege. Wavulana, akaongeza, wamelifunga dumu kwenye mti ulio karibu na shimo, na mpwa wetu ameandika juu yake kwa rangi nyekundu: *Hapa hakuna chini.*

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu walio karibu na kila maji, ya bara na ya pwani, na azibariki jiko zetu kwa kilicho halali na kilicho chema.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.